Kinga ya mtu mwingine

Siku hizi ukisema toleka, watoto wa Kisangani wanacheka: pikipiki imechukua mji. Lakini baba yangu alitoka kwenye shida juu ya toleka, na namna ilivyokuwa inatuhusu sisi wenye diplome bila kazi.

Toleka ni Kilingala: "tupite". Vita ya 1998 ilipofunga njia ya mto toka Kinshasa, esansi ikawa haba, magari ikalala. Vijana wenye kufunga kiti laini nyuma ya kinga ndio wakabeba mji, Mangobo mpaka Makiso. Kati yao kulikuwa wanafunzi wa UNIKIS, hata walimu wasiolipwa.

Wengi hawakuwa na kinga yao. Mwenye kinga anakupatia asubuhi, jioni unamletea kiasi mlichopatana, kinachobaki ni chako. Baba alipewa na mama mmoja mjane, kisha ile vita ya siku sita ya Juni 2000. Mama hakuomba garanti. Alifungua tu kaye.

Jioni nzuri si kitu, kila mtu analipa akipata. Kazi iko kwenye jioni mbaya: mvua imenyesha siku nzima, shene imekatika. Wenzake walikuwa wanaficha kinga siku mbili, wanamkimbia mwenyewe. Baba alikuja mikono mitupu, akaonyesha shene. Mama akaandika deni, akamwekea sombe. (Msifikiri alikuwa mpole: kwa hesabu alikuwa mkali sana.)

Ile kaye ndiyo iliyomwingiza kwenye likelemba. Watu kumi, kila mtu anatoa kiasi kile kile kila juma, mmoja anabeba yote, zamu kwa zamu. Wa kwanza ni kama amekopeshwa bila faida; wa mwisho anaweka akiba tu. Kwa hiyo mgeni hapewi zamu ya kwanza: akikimbia, tisa wanalia. Zamu ya kwanza ilikuwa ya mama, akampa baba. Baba akanunua kinga yake, na akaendelea kutoa zile juma tisa zote.

Mimi agronome sina kinga ya kukopesha. Niko na mbegu ya lenga-lenga, inayovunwa karibu juma nne kisha kupanda. Deni yake hailali sana. Mwezi huu nilimpa mwanafunzi mmoja wa Lubunga aliyekosa minervale. Ijumaa alikuja mikono mitupu, akaniambia mvua ya usiku imebeba matuta mawili. Nikafungua kaye, nikaandika.