Vidonge vya mkobani vinapogoma kutibu

KIGALI — Mfanyabiashara wa Batsinda anayedamka alfajiri kuwahi basi la Rusumo au Gatuna hapakii mengi: hati ya kusafiria, simu, fedha za nchi mbili. Wapo wanaoongeza vidonge vya antibiotiki vilivyobaki safari iliyopita, vya kumeza mkojo ukianza kuchoma au kidonda kikitunga usaha.

Tabia hiyo inaeleweka. Mwenye mzigo unaosubiri kukaguliwa mpakani hana siku ya kukaa kwenye foleni ya zahanati. Tatizo ni kwamba vidonge hivyo vinazidi kupoteza nguvu, na ushahidi uko hapohapo Kigali.

Kati ya Julai na Desemba 2013, watafiti walichunguza bakteria kutoka kwa wagonjwa wa wodi za magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya CHUK. Walipata sampuli 154 zenye bakteria, nyingi zikiwa za mkojo, kutoka kwa wagonjwa 141. Asilimia 31.4 ya bakteria aina ya E. coli, na asilimia 58.7 ya Klebsiella, walikuwa sugu kwa dawa moja au zaidi za kundi la seftriaksoni, sindano inayotegemewa sana hospitalini. Kwa Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda, asilimia 82 walihimili oksasilini. Hata imipenemu, dawa ya akiba, ilishindwa na asilimia 8 ya E. coli.

Hao walikuwa wagonjwa wa hospitali kubwa, ambako hufika waliokwisha kujaribu dawa nyingi. Si sawa kudai kwamba mtaani hali ni hiyohiyo.

Lakini mtaani nako si shwari. Utafiti wa HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa watu wenye dalili za maambukizi ya njia ya mkojo, ulikuta kiasi cha nusu ya bakteria waliopimwa ni sugu kwa makundi matatu au zaidi ya dawa. Hizo ndizo nchi ambazo bidhaa za Batsinda hutoka na kupita. Bakteria naye husafiri, tena bila kupanga foleni forodhani: hukaa tumboni mwa mtu asiyeumwa chochote.

Kila dozi huua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, ambao huweza kuwapa wenzao usugu huo. Ndiyo maana kumeza antibiotiki kwa mafua, ambayo huletwa na virusi, ni hasara tupu: mafua hayaponi, na bakteria wa tumboni wanapata mazoezi.

Duniani, usugu huu ulisababisha moja kwa moja vifo vinavyokadiriwa kufikia milioni 1.27 mwaka 2019.

Kujua dawa inayofaa kunahitaji kuotesha mkojo au usaha maabara, kazi ya siku mbili hadi tatu. Kwa msafiri hizo ni nyingi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini sampuli ikitolewa kabla ya kumeza dawa ya kwanza, mgonjwa anaweza kuanza matibabu na kuendelea na safari. Majibu yakitoka, anapigiwa simu. Daktari wa Ngara au Kabale akionyeshwa majibu hayo, ataona dawa ipi ya kubadilisha.