Ligi ambayo kila mechi ni ugenini, boti nyuma ya pikapu

MASHABIKI wa soka wanazijua safari za ugenini. Timu ikitoka Dar es Salaam kwa basi hadi Bukoba, wachezaji wanashuka migongo imekufa ganzi, na bado wana dakika 90 za kukimbia.

Sasa huko Marekani kuna ligi ambayo karibu kila mechi ni ugenini. Tena mchezaji mwenyewe mara nyingi ndiye dereva, ndiye fundi, na nyuma ya gari anavuta boti.

Hiyo ni Bassmaster Elite Series, ligi ya kuvua samaki aina ya bass iliyoanza mwaka 2006. Kila shindano ni siku nne. Mvuvi anapimiwa samaki wake watano bora wa siku, wakiwa hai, kisha wanarudishwa majini. Samaki akifa, uzito unakatwa.

Na mchujo wake hauna huruma. Baada ya siku ya pili karibu nusu ya wavuvi wanafungasha virago. Umesafiri siku mbili, umevua siku mbili, basi, unageuza gari.

Mkwanja nao si haba. Fainali yao kubwa, Bassmaster Classic, ilianza mwaka 1971 katika Ziwa Mead na bingwa wa kwanza, Bobby Murray, aliondoka na Dola 10,000. Siku hizi bingwa anabeba Dola 300,000.

TANI MBILI MGONGONI

Msimu mmoja unaweza kumtoa mvuvi Mto St. Johns kule Florida, kusini kabisa, hadi Mto St. Lawrence kwenye mpaka wa Canada. Ni zaidi ya kilomita 2,000. Nyuma ya pikapu kuna boti ya futi 20 au 21 yenye mashine ya nguvu za farasi hadi 250. Ukijumlisha trela, mafuta na vyombo, ni karibu tani mbili.

Mzigo huo unataka akili kuliko misuli ya injini. Kanuni ya madereva ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela ikalie pale linapofungwa kwenye pikapu. Ukizidi hapo, gari linakaa mkia chini, matairi ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii.

Ukipungua ndiyo balaa. Lori kubwa likipita tu, trela linaanza kuyumba kushoto kulia kama mkia wa ng'ombe. Anayekanyaga breki kwa pupa hapo amekwisha. Anayejua anaachia mafuta, anashika usukani sawa na kusubiri mwendo upungue wenyewe.

Adui mwingine ni beringi. Trela la boti huzamishwa majini kila siku ya mashindano. Beringi iliyopata moto barabarani ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita sili. Grisi inaharibika, kutu inaingia, na siku moja gurudumu linachomoka katikati ya safari.

Ndiyo maana wakongwe wakisimama kujaza mafuta, wanazunguka trela na kugusa kila gurudumu katikati kwa mkono. Lenye moto kuliko wenzake halijadiliwi, linafunguliwa palepale.

ALIYELALA GARINI

Takahiro Omori anaijua barabara hiyo kuliko wengi. Alitoka Japan kwenda Marekani mwaka 1992, Kiingereza cha kuokoteza, pesa ya hoteli hakuna. Kwa miaka kadhaa gari lake ndilo lilikuwa nyumba, kati ya ziwa moja na jingine.

Mwaka 2004, kwenye Classic ya Ziwa Wylie, ikabaki dakika chache siku ya mwisho. Omori akanasa samaki wawili wa haraka haraka, mambo ya bao la dakika za nyongeza, akawa Mjapani wa kwanza kutwaa taji hilo.

Naye Rick Clunn, bingwa wa Classic mara nne, alishinda shindano la Mto St. Johns mwaka 2019 akiwa na miaka 72. Kwenye soka mwenye 38 tu anaitwa babu!

MTIHANI WA ALFAJIRI

Lakini kabla ya ndoano kugusa maji, kuna mtihani mmoja. Giza bado halijaondoka, foleni ndefu nyuma, na mvuvi anatakiwa kurudisha trela kinyumenyume mpaka majini. Ukikata usukani kulia, trela linakwenda kushoto.

Dawa yake ni kushika usukani kwa chini. Unakotaka trela liende, ndiko unakopeleka mkono. Polepole. Ukiharibu, unavuta mbele na kuanza upya, foleni nzima ikikutazama.