Dawa, Kiongezi na Uchakachuaji: Istilahi za Vitu Vinavyotiwa Katika Petroli

Mfasiri mmoja wa Masasi alituletea lebo ya kichupa kinachouzwa katika duka la vipuri kwa waendesha bodaboda. Maelezo ya asili yalikuwa ya lugha ya kigeni, naye alikwisha kuyafasiri hivi: "Dawa ya mafuta. Huzuia injini kunoki. Tia katika mafuta kila mara." Aliomba tafsiri hiyo ithibitishwe. Sentensi hizo ni tatu tu, na sarufi yake haina kosa. Hata hivyo, kila moja yaweza kumharibia mtu injini. Katika makala haya tunakusudia kueleza sababu, na kupendekeza maneno ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyatumia wanapoandika juu ya vitu vinavyotiwa katika petroli.

Tuanze na neno "mafuta", maana ndilo lenye mzigo mkubwa zaidi. Yako mafuta ya petroli, ya dizeli, ya taa, ya kula na ya kujipaka. Katika pikipiki peke yake yako ya namna mbili: yanayochomwa, ambayo hukaa tangini, na yanayolainisha vyuma, ambayo hukaa chini ya injini. Aliyeambiwa "tia katika mafuta" atatia wapi? Mafundi tuliozungumza nao Masasi na Newala hawana tatizo hilo. Kwao "mafuta" ni petroli, na ya kulainisha ni "oili", basi. Utata huu umeletwa na sisi wa maofisini, tunaoona haya kuandika "oili" kana kwamba ni neno la gereji tu, tukaandika "mafuta ya injini" na kumwacha msomaji akisie. Kimiminika kilichotengenezwa kuyeyusha uchafu wa kabureta kikimiminwa katika oili huipunguzia uzito, na oili nyepesi mno haiwezi kuvitenganisha vyuma vinavyosuguana. Twashauri kwa hiyo kwamba "oili" iandikwe bila haya, na "petroli" itajwe kwa jina lake kila inapokusudiwa.

Huko kusini jambo hili si la nadharia. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini yake upande wa magharibi, miongoni mwa majabali yake. Wilaya zote mbili huishi kwa korosho. Mikorosho inapoanza kuchanua, wakulima huipulizia salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na wengi hutumia mashine ya injini ibebwayo mgongoni. Injini ya mashine hiyo aghalabu ni ya mipigo miwili, ilhali pikipiki za bodaboda zilizo nyingi leo ni za mipigo minne. Tofauti yake kwa mtumiaji ni hii: injini ya mipigo minne ina oili yake mahali pake, ile ya mipigo miwili haina, bali hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli yenyewe. Kipimo hutegemea mashine. Inayotaka sehemu 1 ya oili kwa 25 za petroli hupewa mililita 40 kwa lita, na inayotaka 1 kwa 50 hupewa mililita 20.

Sasa fikiria nyumba yenye mashine ya salfa na pikipiki, na kidumu kimoja cha petroli mlangoni. Petroli yenye oili ikitiwa katika pikipiki, moshi utaonekana, plagi itachafuka na injini itakuwa inakosa-kosa. Hasara si kubwa. Petroli tupu ikitiwa katika mashine ya salfa, pistoni hukwama baada ya muda mfupi. Fundi mmoja wa Newala alituonyesha pistoni ya namna hiyo, yenye mikwaruzo kutoka juu hadi chini. Mwenye mashine hakusahau, wala hakuwa mzembe. Alinunua "dawa ya mafuta" akaitia katika petroli badala ya oili, kwa kuwa vitu vyote viwili alivisikia vikiitwa vya kutia katika petroli. Msimu wa kupulizia haungoji vipuri vifike kutoka Mtwara au Dar es Salaam. Kwa oili hiyo tunapendekeza jina ambalo wauzaji wenyewe hulitumia, yaani "oili ya kuchanganya". Halihitaji kubuniwa jingine.

Je, neno "dawa" lina kosa gani? Kwa kweli halina kosa la Kiswahili. Tunayo dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu, na hakuna anayedhani kwamba viatu ni wagonjwa. Katika lugha yetu dawa ni kitu chochote kinachotenda kazi juu ya kingine. Lakini injini inapokosa-kosa mwenyewe husema "inaumwa", na mgonjwa hupewa dawa. Hapo ndipo neno linapoanza kumwongoza mtu vibaya. Barabara za mchanga za uwanda wa Makonde hujaza vumbi katika kichujio cha hewa, na kichujio kilichoziba huifanya injini ile petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Hakuna kitu cha kutiwa tangini kitakachoondoa mchanga katika kichujio. Kinachotakiwa ni kukifungua na kukisafisha, kazi ya dakika chache. Aliyenunua dawa huamini kwamba amekwisha kutibu.

Tulipima maneno kadhaa. "Kiungo" kimeshikwa na mapishi na sehemu za mwili. "Kiambato" hutumika kwa vile vitu vinavyoiunda dawa au chakula tangu mwanzo, nasi tunataka neno la kitu kinachofuata baadaye, kidogo, juu ya kitu kilichokwisha kuwa kizima. Tunapendekeza "kiongezi", wingi "viongezi". Tunakiri kwamba mpiga chapa akiteleza herufi moja atapata "kiongozi", na petroli itakuwa na viongozi. Hatari hiyo tumeikubali.

Viongezi si vya namna moja, na jina liseme kazi. "Kiongezi kisafishi" huyeyusha utando unaoganda katika kabureta na kwenye vali. Hiki kina faida halisi pale petroli inapokuwa imekaa sana. Petroli inayouzwa kando ya njia katika chupa za maji, ikakaa juani, hupoteza sehemu zake nyepesi, na iliyobaki huanza kufanya utando kama gundi unaoziba vitundu vya kabureta. Hata hivyo kitundu kilichokwisha kuziba kabisa hakipitishi petroli, basi hakipitishi kiongezi pia. Hapo ni kazi ya fundi. "Kiongezi kihifadhi" huchelewesha kuharibika huko, nacho kinamfaa zaidi mwenye mashine ya salfa inayolala ghalani kwa miezi mingi, mradi kitiwe petroli ingali mpya. Lakini akimimina petroli yote na kuiacha kabureta tupu hatakihitaji. Cha tatu ni "kiongezi cha oktani", ambacho ndicho kilichomponza mfasiri wetu.

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kujiwasha kabla ya wakati. Ikijiwasha ovyo, injini hutoa mlio kama misumari ndani ya mkebe. Lugha nyingi huuita mlio huo "kugonga", na lebo ile ilisema kwamba kichupa kinauzuia. Mfasiri akaandika "kunoki". Neno hilo limetokana na kugonga huko huko, ila gereji zetu zimelipa maana nyingine: injini iliyonoki ni injini iliyokufa, imekwama au imevunjika ndani, na mara nyingi chanzo ni kupungukiwa oili. Basi mwendesha bodaboda ambaye oili yake imekwisha husoma "huzuia kunoki", anatia kichupa tangini, na anapakia abiria. Tunapendekeza "mwako wa kugonga" kwa jambo la kwanza, na "kunoki" kuachiwa mafundi kwa maana yao. Tuongeze kwamba injini isiyokuwa na mwako wa kugonga haipati nguvu yoyote zaidi kwa kuongezewa oktani.

Kiongezi cha oktani kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa cha risasi, kilichogunduliwa kufaa kwa kazi hiyo Marekani mwaka 1921. Kilileta sumu hewani, hasa kwa akili za watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kukiacha. Kufikia mwanzo wa 2006 kilikuwa kimeondolewa. Mwalimu anayefundisha juu ya "petroli isiyo na risasi" na aeleze kwanza kwamba risasi ni jina la madini, la sivyo darasa zima litafikiri bunduki.

Lipo neno moja ambalo wananchi walilieneza bila msaada wa Baraza lolote, nalo limefaulu kuliko mengi yaliyotoka katika kamati zetu. Kufikia mwaka 2010 kila mtu nchini alijua maana ya "kuchakachua": kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, ili kujipatia faida. Mwaka huo huo ulikuwa wa uchaguzi mkuu, neno likahamia kwenye kura. Mafuta ya taa hushusha oktani, hayachomeki yote, na yanayobaki huteremka na kuipunguzia oili uzito. Serikali ilipandisha sana ushuru wake katika bajeti ya 2011/2012 ili kuondoa kishawishi. Kwa hiyo si kila kinachoongezwa ni kiongezi: kiongezi huwekwa kwa kipimo na kwa faida ya injini, uchakachuaji ni kwa faida ya muuzaji. Maneno haya mawili yasibadilishane nafasi kamwe.

Kundi la mwisho ni "vinasaba" vya mafuta, vilivyoanza kutiwa mwaka 2010 ili wakaguzi waweze kutambua mafuta yaliyochakachuliwa au yaliyokwepa kodi. Neno limeazimwa kutoka elimu ya viumbe, na mwalimu mmoja alituuliza kama petroli sasa ina uhai. Mwanzoni hatukulipenda. Lakini nasaba ni ukoo, na mafuta yenye alama hiyo ndiyo yanayojulikana yalikotoka. Limekwisha kuenea, na hatuna sababu ya kulifukuza. Ifahamike tu kwamba vinasaba havisafishi kitu wala haviongezi nguvu.

Lebo tuliyoirudisha Masasi, baada ya kuilinganisha upya na ile ya asili, inasomeka hivi: "Kiongezi cha oktani kwa petroli. Hupunguza mwako wa kugonga. Tia kichupa kimoja katika lita 10 za petroli. Usitie katika oili. Kisitumike badala ya oili ya kuchanganya." Mwenye duka, tumearifiwa, anataka neno "Dawa" libaki juu kwa herufi kubwa, kwa sababu kiongezi hakimvuti mteja. Tumemjibu mfasiri kwamba jina la biashara ni la mwenye biashara. Tuliloombwa kuthibitisha ni maelezo ya matumizi, na humo tumelifuta.