Insulini Ikionekana Kugoma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Dozi

Mtu anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza huzoea dozi yake. Halafu inafika wiki ambayo kila akipima asubuhi anapata 15 au 17, ilhali amejidunga kiasi kile kile na chakula hakijabadilika. Hapo wengine huongeza dozi kila siku bila kumuuliza mhudumu wa afya. Wengine hukata tamaa wakaacha sindano. Njia zote mbili ni hatari. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na la kufanya.

Ukinzani ni nini?

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mgonjwa huishi kwa kudungwa insulini kutoka nje. Katika aina ya pili, kwa kawaida kongosho bado hutengeneza insulini, lakini misuli na ini haviitikii inavyofaa. Hali hiyo ya kutoitikia ndiyo huitwa ukinzani wa insulini.

Watu wengi hudhani ukinzani ni shida ya aina ya pili pekee. Sivyo. Mwenye aina ya kwanza pia anaweza kuupata, na hapo atahitaji insulini nyingi zaidi kufanya kazi ile ile. Mtu mzima anayetumia zaidi ya yuniti 1 kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku, kwa mfano mwenye kilo 60 anayejidunga zaidi ya yuniti 60, anafaa kuzungumza na daktari. Dalili nyingine ni ngozi ya shingo au kwapa kuwa nyeusi na nene, na kiuno kuongezeka.

Anza na sindano yenyewe

Mara nyingi mwili haujakaidi chochote. Insulini ndiyo haijafika, au imeharibika. Kagua mambo haya:

• Uvimbe. Ukidunga mahali pamoja kila siku, mafuta hujikusanya chini ya ngozi yakawa uvimbe laini usiouma. Insulini inayodungwa hapo huingia mwilini polepole na bila mpangilio. Papasa tumbo na mapaja yako, na uhamishe sindano kila mara. Lakini tahadhari: ukihamia ngozi nzima, dozi ile ile inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Uliza kliniki kama dozi ipunguzwe kwanza.

• Joto. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda. Iliyoganda itupwe. Chupa unayotumia inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne pahali pasipozidi nyuzi 30. Chini ya paa la mabati wakati wa kiangazi joto huzidi hapo. Asiye na friji anaweza kutumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa maji katikati. Chupa ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

• Kuchanganya. Insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, ibiringishwe taratibu kati ya viganja hadi iwe sawa kote. Usiitikise kwa nguvu.

Yanayoufanya mwili ukaidi

Kama sindano haina kasoro, chunguza mwili. Maambukizi huinua sukari hata kabla ya mgonjwa kuhisi vibaya: jino lililooza, kidonda mguuni, maambukizi ya njia ya mkojo, kifua kikuu. Kwa baadhi ya wanawake sukari hupanda siku chache kabla ya hedhi. Dawa za steroidi, kama prednisoloni inayotumiwa na wenye pumu, hufanya hivyo pia.

Vijana wanaobalehe wanahitaji kueleweka zaidi. Homoni za ukuaji hupunguza nguvu ya insulini, na mwanafunzi aliyekuwa sawa katika shule ya msingi anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi akiingia sekondari. Mzazi au matroni asikimbilie kumlaumu kwamba amekula peremende. Ampeleke kliniki dozi ipangwe upya. Homoni zizo hizo huongezeka kati ya saa tisa usiku na saa mbili asubuhi, ndiyo maana wengine huamka na sukari ya juu ingawa hawakula usiku.

Uzani na kukaa bila kufanya mazoezi huchangia pia, hasa ikiwa kuna jamaa wenye kisukari cha aina ya pili.

Namna ya kupunguza ukinzani

Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kwa insulini kidogo, na nafuu hiyo inaweza kudumu siku nzima. Kutembea nusu saa kwa siku, kulima au kuendesha baiskeli kunatosha kuanza. Pima kabla ya mazoezi. Sukari ikishuka chini ya 4, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, kisha upime tena baada ya dakika 15. Ikizidi 14 na unajihisi mgonjwa, usifanye mazoezi.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga kama sukuma wiki, terere au kabichi. Ugali na viazi visiliwe pamoja kwa wingi. Maharagwe na githeri hupandisha sukari polepole kuliko chapati. Punguza sukari kwenye chai, na soda uiweke kwa ajili ya sukari iliyoshuka. Lala vya kutosha, na uache sigara. Kuna wagonjwa ambao daktari huwaongezea tembe za metformini, lakini hazichukui nafasi ya insulini.

Usiache insulini

Kabla ya insulini kutumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu binadamu, mjini Toronto, Kanada, Januari 1922, watoto wenye ugonjwa huu hawakuishi muda mrefu. Hilo halijabadilika kwa anayeiacha. Mitishamba haiwezi kuwa mbadala wake. Anayetaka kuombewa aombewe huku akiendelea kujidunga.

Kiu kali, kukojoa sana, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa haraka na pumzi yenye harufu ya tunda ni dalili za dharura. Usingoje asubuhi. Mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja.

Kwa mengine yote, nenda kliniki ya kisukari unayohudhuria, iwe katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita PGH, au katika hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe. Beba chupa ya insulini, sindano unazotumia na daftari lenye vipimo vya wiki mbili. Mwombe mhudumu apapase mahali unapojidunga. Kwa vitu hivyo vitatu, chanzo mara nyingi hujulikana siku hiyo hiyo.