Geji Inapopanda Yenyewe

Daktari wa wanyamapori anapohitaji kumlaza faru mweusi katika kreta ya Ngorongoro, humrushia sindano ya usingizi kwa bunduki ya gesi. Miaka ya 1960 kreta ilikuwa na faru zaidi ya 100. Ujangili uliwapunguza hadi wakabaki wasiozidi 20. Kwa mnyama aliyenusurika hivyo, presha ya bunduki ni suala la uhai. Ikizidi, sindano huchana nyama au kuvunja mfupa. Ikipungua, hudunda kwenye ngozi na dawa isiingie.

Kichupa cha kabonidioksidi hutoa gesi, vali huipitisha kidogo kidogo hadi kwenye chemba yenye geji, na mpigaji huipima kulingana na umbali na uzito wa sindano. Penye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, presha ndani ya kichupa ni kama bar 57. Chemba inahitaji bar chache tu. Kinachozuia nguvu yote hiyo ni kiti kidogo cha vali pamoja na oringi zake. Bunduki ya upepo yenye regyuleta inafuata kanuni hiyohiyo, isipokuwa humo pistoni inayosukumwa na presha dhidi ya springi ndiyo inayoifunga vali.

Geji isipotulia, Karatu wapo wanaolaumu mwinuko. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ukingo wa kreta unazidi mita 2,200, lakini tofauti ya kanieneo ya hewa kati ya sehemu hizo mbili haifiki hata moja ya kumi ya bar. Kwa maoni yangu, washtakiwe baridi na vumbi. Asubuhi ya ukungu ukingoni, kichupa chenye nyuzi 5 kina presha ya bar 40 hivi, na mpira wa oringi hukakamaa ukashindwa kuziba sawasawa. Vumbi jekundu nalo huingia wakati kichupa kinabadilishwa nje, gari likiwa wazi. Chembe moja ikikaa kwenye kiti cha vali, gesi hupenya.

Kipimo ni rahisi. Bila sindano ndani, jaza gesi hadi presha ya kazi, funga vali, utazame geji kwa dakika tano. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, usiogope: gesi inapopanuka hupoa, na ikishapata joto la chemba presha huongezeka. Ikiendelea kupanda bila kusimama, kiti cha vali kinavujisha. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yasipofuka popote, sikiliza mdomo wa mtutu, ukielekezwa mahali salama. Mlio wa gesi hapo unaonyesha kwamba vali ya kufyatulia imechoka. Geji yenyewe pia hudanganya, kwa hiyo ilinganishe na nyingine kabla hujafungua chochote.

Kabla ya kutengeneza, toa kichupa na umalize gesi yote chembani. Kiti kisafishwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti kidogo, kisha kikaguliwe kwa kioo cha kukuzia. Kikiwa na mkwaruzo, badilisha. Kukisugua kwa msasa ni kukiharibu kabisa. Oringi mpya iwe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, maana kabonidioksidi huingia ndani ya mpira usiofaa na kuuvimbisha. Ipakwe silikoni kidogo tu. Grisi ya gari haifai, na kwenye bunduki za hewa ya presha kubwa inaweza kuwaka moto. Kaza kwa mkono uliotulia. Ukiongeza nguvu ili kuzuia mvujo, unakiumiza kiti.

Kazi ikiisha, usiache kichupa kikilala ndani ya bunduki.

Ndugu zangu mnaobeba silaha hizi, fanyeni kipimo cha dakika tano kabla dawa haijaingia kwenye sindano. Bunduki ambayo geji yake haitulii irudishwe kwa fundi, na faru asubiri siku nyingine.