Mbwana Samatta

Mbwana Ally Samatta (amezaliwa Dar es Salaam, 23 Desemba 1992) ni mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Tanzania anayecheza nafasi ya mshambuliaji wa kati. Amekuwa nahodha wa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, tangu mwaka 2016. Mashabiki humwita pia "Samagoal".

Samatta ni Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza, na pia katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya bara hilo. Hakuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka Ulaya, kwa kuwa Sunday Manara alichezea Heracles ya Uholanzi tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, hakuna Mtanzania kabla yake aliyefika katika ligi na mashindano makubwa kiasi hicho. Njia aliyopita ilianzia Mbagala, ikapitia Lubumbashi, kisha Genk, ndipo ikafika Birmingham.

== Maisha ya awali ==

Samatta alikulia Mbagala, eneo lenye watu wengi katika wilaya ya Temeke, kusini mwa jiji la Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Kilwa. Alianza kucheza katika klabu ya mtaani kwao, Mbagala Market, ambayo baadaye ilibadilishwa jina na kuitwa African Lyon. Akiwa bado kijana alicheza na klabu hiyo katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara.

Mwaka 2010 alisajiliwa na Simba SC, moja ya klabu mbili kubwa za nchi pamoja na Young Africans (Yanga). Alikaa Simba muda mfupi tu, lakini muda huo ulitosha kumfikisha katika mashindano ya Afrika.

== Klabu ==

=== TP Mazembe (2011–2016) ===

Mwaka 2011 Simba ilipangwa kucheza na TP Mazembe ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Wakati huo Mazembe ndiyo iliyokuwa bingwa wa Afrika, na Desemba 2010 ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan. Mazembe iliishinda Simba katika mechi zote mbili. Baadaye iliondolewa mashindanoni kwa kosa la kumchezesha mchezaji asiyestahili. Pamoja na matokeo hayo, viongozi wa Mazembe walivutiwa na kijana huyo wa Simba, wakamsajili mwaka huohuo.

Kwa wachezaji wengi wa Afrika Mashariki wa wakati huo, ndoto ilikuwa kwenda Ulaya moja kwa moja, na wengi waliofanya majaribio huko walirudi bila mkataba. Samatta alikwenda nchi jirani. Klabu ya Mazembe, iliyoongozwa na mfanyabiashara na mwanasiasa Moïse Katumbi, ilikuwa na fedha, uwanja wake na ndege zake, na ilishiriki mashindano ya Afrika karibu kila mwaka. Isitoshe, Lubumbashi ni mji ambao Kiswahili huzungumzwa kila siku, hivyo mgeni kutoka Dar es Salaam hakupata shida kubwa ya lugha. Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, alijiunga na klabu hiyohiyo, na wawili hao walicheza pamoja kwa miaka kadhaa.

Akiwa Mazembe, Samatta alitwaa ubingwa wa Kongo mara kadhaa. Mwaka 2013 klabu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikashindwa na CS Sfaxien ya Tunisia.

Mwaka 2015 ndio uliokuwa mkubwa zaidi kwake katika klabu hiyo. Mazembe ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika dhidi ya USM Alger ya Algeria. Katika mechi ya kwanza mjini Algiers Mazembe ilishinda 2–1, na katika mechi ya marudiano mjini Lubumbashi, tarehe 8 Novemba 2015, ilishinda 2–0. Samatta alifunga katika mechi zote mbili kwa mikwaju ya penalti. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 7, idadi iliyomweka kileleni mwa orodha ya wafungaji.

Januari 2016, katika sherehe za Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF) mjini Abuja, Nigeria, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mwaka 2015 kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Alimshinda mlinda mlango wa Mazembe, Robert Kidiaba, aliyeshika nafasi ya pili. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake.

=== KRC Genk (2016–2020) ===

Mwishoni mwa Januari 2016 Samatta alijiunga na KRC Genk ya Ubelgiji. Genk ni mji wa zamani wa migodi ya makaa ya mawe katika mkoa wa Limburg. Klabu yake inajulikana kwa kulea au kununua wachezaji vijana na kuwauza kwa klabu kubwa zaidi: Kevin De Bruyne, Thibaut Courtois, Kalidou Koulibaly na Wilfred Ndidi wote walipitia hapo.

Ligi ya Ubelgiji imekuwa mlango wa Ulaya kwa Waafrika wengi kwa sababu ya sheria zake. Haiwekei klabu kikomo cha idadi ya wachezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Badala yake, sheria ya nchi hudai walipwe mshahara usiopungua kiwango fulani. Kwa hiyo klabu inaweza kumsajili mchezaji kwa uwezo wake hata kama timu ya taifa lake haina jina kubwa.

Msimu wa 2016–17 Genk ilifika robo fainali ya Ligi ya Europa, ilipotolewa na Celta Vigo ya Hispania. Katika hatua iliyotangulia Genk iliifunga Gent, pia ya Ubelgiji, 5–2 ugenini, na Samatta alifunga mawili kati ya mabao hayo. Agosti 2018 alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Brøndby ya Denmark, Genk iliposhinda 5–2.

Msimu wa 2018–19 Genk ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji chini ya kocha Philippe Clement. Samatta alifunga mabao 23 ya ligi akiwa mbele ya viungo na mawinga waliomlisha vizuri, wakiwemo Leandro Trossard na Ruslan Malinovskyi. Mwaka 2019 alipewa Kiatu cha Ebony, tuzo inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa ligi ya Ubelgiji mwenye asili ya Afrika.

Ubingwa huo uliipeleka Genk katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, lakini kocha Clement, Trossard na Malinovskyi walikuwa wameondoka. Katika mechi ya kwanza, Septemba 2019, Genk ilifungwa 6–2 na Red Bull Salzburg nchini Austria, na moja ya mabao mawili ya Genk lilifungwa na Samatta. Tarehe 5 Novemba 2019 alifunga kwa kichwa katika uwanja wa Anfield dhidi ya Liverpool, waliokuwa mabingwa watetezi. Bao hilo lilisawazisha matokeo, ingawa Liverpool ilishinda 2–1. Alifunga tena dhidi ya Salzburg katika mechi ya marudiano, akamaliza hatua hiyo na mabao 3.

=== Aston Villa (2020) ===

Tarehe 1 Januari 2020 mshambuliaji wa Aston Villa, Wesley kutoka Brazil, aliumia vibaya goti. Villa ilikuwa ikipigana isishuke daraja, ikahitaji mshambuliaji haraka. Tarehe 20 Januari ilitangaza kumsajili Samatta.

Usajili huo ulihitaji kibali cha kazi. Kwa kanuni za Uingereza za wakati huo, ni wachezaji wa nchi 50 za juu katika orodha ya FIFA tu walioweza kupata kibali moja kwa moja, tena kama walicheza mechi za kutosha za timu zao za taifa. Tanzania ilikuwa chini ya nafasi ya 100. Mchezaji wa nchi kama hiyo alitazamwa na jopo maalumu, lililoangalia mambo mengine kama ada ya uhamisho na mshahara wake. Ni hapa inapoonekana faida ya miaka minne ya Ubelgiji: bila ubingwa wa Genk na mabao ya Ligi ya Mabingwa, si rahisi klabu ya Uingereza ingelipa ada kubwa kumpata mshambuliaji kutoka Tanzania.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester City tarehe 28 Januari 2020, ambayo Villa ilishinda 2–1 na kufuzu fainali. Tarehe 1 Februari alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu dhidi ya Bournemouth na kufunga kwa kichwa, ingawa Villa ilifungwa 2–1. Tarehe 1 Machi alianza katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City katika uwanja wa Wembley. Villa ikiwa nyuma kwa mabao mawili, Samatta alifunga kwa kichwa kabla ya mapumziko. Mechi iliisha 2–1 na City ikatwaa kombe.

Huko Tanzania mechi za Villa zilianza kufuatiliwa kama za Simba na Yanga, na kurasa za klabu hiyo katika mitandao ya kijamii zilijaa maoni ya Kiswahili.

Siku chache baada ya fainali, ligi ilisimamishwa kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Iliporejea Juni, mechi zilichezwa bila watazamaji. Villa ilicheza kwa kujilinda zaidi na mshambuliaji wake alipata nafasi chache. Samatta hakufunga tena. Villa ilinusurika kushuka daraja siku ya mwisho ya msimu, naye alikuwa amecheza mechi 14 za ligi na kufunga bao 1. Septemba 2020 klabu ilimsajili Ollie Watkins, na mwezi huohuo Samatta akaenda Uturuki.

Kwa hiyo muda aliocheza Uingereza haukufika mwaka mmoja. Rekodi yake ya mabao huko ni ndogo, lakini mabao yake mawili yalipatikana katika wiki chache za mwanzo alizoichezea klabu hiyo, katika mechi za ligi na Kombe la Ligi zinazotajwa hapo juu.

=== Fenerbahçe, mikopo na Ugiriki (2020–2025) ===

Samatta alijiunga na Fenerbahçe ya Istanbul kwa mkopo uliogeuka kuwa usajili wa kudumu mwaka 2021. Baada ya msimu mmoja alipelekwa kwa mkopo Royal Antwerp ya Ubelgiji (2021–22), kisha akarudi Genk kwa mkopo (2022–23). Msimu huo wa pili Genk ilikosa ubingwa katika dakika za nyongeza za siku ya mwisho, baada ya Toby Alderweireld kuifungia Antwerp bao lililoipa klabu hiyo taji.

Mwaka 2023 alihamia PAOK ya Thessaloniki, Ugiriki, na katika msimu wake wa kwanza, 2023–24, klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa nchi. Hilo lilikuwa taji lake la ligi katika nchi ya tatu, baada ya Kongo na Ubelgiji.

=== Le Havre ===

Mwaka 2025 alisajiliwa na Le Havre inayocheza Ligi Kuu ya Ufaransa.

== Timu ya taifa ==

Samatta alianza kuichezea Taifa Stars mwaka 2011. Tofauti kati ya mafanikio ya klabu na ya taifa ilionekana wazi Novemba 2015. Tarehe 14, siku sita tu baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika, alifunga dhidi ya Algeria jijini Dar es Salaam katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia iliyoisha 2–2. Siku tatu baadaye, huko Blida, Tanzania ilifungwa 7–0.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 kocha Charles Boniface Mkwasa alimpa unahodha, akichukua nafasi ya beki Nadir Haroub "Cannavaro".

Tarehe 24 Machi 2019 Tanzania iliifunga Uganda 3–0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Katika fainali hizo nchini Misri, Tanzania ilifungwa mechi zote tatu za kundi: 2–0 na Senegal, 3–2 na Kenya, na 3–0 na Algeria. Samatta alifunga dhidi ya Kenya, katika mechi ambayo mshambuliaji wa Kenya, Michael Olunga, alifunga mara mbili.

Aliongoza tena timu katika fainali zilizochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024. Safari hii Tanzania ilifungwa 3–0 na Morocco, kisha ikatoka sare na Zambia (1–1) na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (0–0). Baadaye ilifuzu pia fainali za 2025 nchini Morocco. Yeye na Simon Msuva ni miongoni mwa wafungaji bora katika historia ya Taifa Stars.

== Uchezaji ==

Samatta ni mshambuliaji anayetegemea zaidi kukimbia nyuma ya mabeki na kujua mahali pa kusimama ndani ya eneo la hatari. Mabao yake mengi hutokana na mguso mmoja. Anafunga vizuri kwa kichwa: bao la Anfield, la Bournemouth na la Wembley yote yalikuwa ya kichwa. Kwa aina hii ya uchezaji, mabao yake hutegemea sana krosi na pasi anazoletewa, jambo linalosaidia kueleza kwa nini alifunga mengi Genk na machache Villa.

== Nafasi yake katika soka la Afrika Mashariki ==

Kabla ya Samatta, Wakenya walikuwa wameshafika mbali Ulaya: McDonald Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010, na Victor Wanyama alicheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Southampton na Tottenham. Kwa Tanzania, nchi yenye mashabiki wengi wa soka lakini wachezaji wachache nje, Samatta ndiye wa kwanza kufika kiwango hicho.

Nje ya uwanja, pamoja na mwanamuziki Ali Kiba, alianzisha taasisi ya SamaKiba, iliyoandaa mechi za hisani jijini Dar es Salaam kuchangia elimu.

== Mataji na tuzo ==

* Ligi ya Mabingwa ya Afrika: 2015 (TP Mazembe)
* Ligi Kuu ya Kongo: mara kadhaa (TP Mazembe)
* Ligi Kuu ya Ubelgiji: 2018–19 (Genk)
* Ligi Kuu ya Ugiriki: 2023–24 (PAOK)
* Mchezaji bora wa CAF kwa wanaocheza ndani ya Afrika: 2015
* Kiatu cha Ebony, Ubelgiji: 2019