Nani Afuatwe? Utangulizi wa Elimu ya Makosa ya Wanamuziki

Hii ni elimu ambayo wenye malighafi yake huificha. Hakuna kwaya inayokualika uje uisikilize ikichapia. Utaalikwa kwenye uzinduzi wa albamu, utapewa kiti cha mbele na soda, na jambo lenyewe unalolitafuta litakuwa limekwisha juzi mazoezini.

Tumeanzia Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kwa sababu huku watu hawaimbi peke yao. Waanglikana wa Dayosisi ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa 1966 na yenye makao yake Kasulu, wana kwaya zao. Wakatoliki na Wapentekoste wana zao. Na ukiwa ndani ya kundi, noti mbaya ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni hii: katika sekunde mbili zinazofuata, wenzako wanamfuata nani?

Chukua tukio ambalo kila mwalimu wa kwaya analijua. Mwalimu anatoa do kwa mdomo, kwaya inaanza bila kinanda. Kadiri beti zinavyokwenda sauti zinashuka kidogo kidogo, na hakuna anayeshtuka kwa kuwa wote wanashuka pamoja. Kwenye ubeti wa mwisho mpiga kinanda anaingia, na kinanda hakijui kushuka. Shingo zote zinamgeukia yeye, ilhali ndiye pekee aliyebaki kwenye ufunguo. Siku nyingine kosa ni lake kweli: kitufe cha kuhamisha ufunguo kimeachwa pale kilipokuwa kwenye wimbo uliotangulia. Kwa aliyekaa benchi la nyuma, makosa haya mawili yanasikika sawasawa. Tofauti iko kwa waimbaji. Soprano wanakimbilia kinanda, besi wanang'ang'ania mkono wa mwalimu, alto wananyamaza kwanza. (Alto wana busara ambayo haijaandikwa vya kutosha.)

Maabara nazo zimechangia. Mwaka 1996 mtafiti Bruno Repp alionyesha kwamba wapiga piano hukosa noti nyingi kuliko tunavyodhani, na kwamba hata wasikilizaji ambao wenyewe ni wapiga piano walizinasa chini ya nusu. Nyingi hujificha kwenye sauti za kati. Mwaka 2009 María Herrojo Ruiz na wenzake, huko Hannover, walipima ubongo wa wapiga piano wakiwa kazini. Kidole kinachokwenda kwenye noti mbaya hubonyeza kwa unyonge kuliko kawaida, na ubongo huwa umeshashtuka kabla sauti haijatoka. Matokeo mazuri sana, ila wale walikuwa wameketi peke yao. Hapakuwa na soprano wa kuwageuzia shingo.

Kwa hiyo ni lazima twende kwenye ngoma. Mtindo wa ngoma za kifalme za Burundi, ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, ni wa majirani ambao Waha, wenyeji wa huku, wanaelewana nao bila mkalimani. Warundi wengi wameishi huku kama wakimbizi: Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, iliwapokea wao pia kuanzia 2015, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena mwaka huohuo. Katika mpangilio wa ngoma hizo, ile ya katikati, inkiranya, inaongoza, ibishikizo zinaifuata, amashakwe zinashikilia pigo lisilobadilika. Utaratibu huo unagawa aibu waziwazi. Wa amashakwe akiyumba, ameyumba, na kila mtu amejua. Wa inkiranya akiteleza, ibishikizo zinaweza kuteleza naye, na mgeni akadhani ni pambo. Lakini fimbo ikimponyoka hewani, hapo hakuna cheo kinachomsaidia.

Teknolojia nayo imeleta aibu mpya. Kwaya nyingi siku hizi hupanda jukwaani na fleshi, wimbo uliorekodiwa unapigwa, wao wanacheza na kufungua midomo. Mkoa wa Kigoma uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla gridi ya taifa haijafika, basi unaweza kukisia. Umeme ukikatika katikati ya kiitikio, mikono inabaki juu na midomo wazi, kimya. Kisa hiki wanafunzi wangu hukipenda kwa kicheko. Mimi hukipenda kwa kinachofuata: mara nyingi kuna mmoja, wala si lazima awe kiongozi, anayeudaka wimbo kwa sauti yake mwenyewe, na wengine wanaingia. Huyo ndiye wa kumtafuta. Daftari la uongozi wa kwaya halimtaji.

Ukienda mazoezini, andika nani alimtazama nani kabla hujaandika noti ipi ilikosewa. Usimhoji mkosaji siku hiyohiyo. Atacheka na kubadili mazungumzo. Subiri wiki, umuulize jirani yake wa besi. Atakutajia ubeti, neno na shati alilovaa mwenzake, kisha ataliimba kosa lenyewe, na safari hii hatakosea hata kidogo.